Bado Vifungo Tu

Mafundi cherehani wana uongo wao mmoja ambao hauhesabiwi kuwa uongo. Unampelekea fundi kitambaa, anakupima, anakwambia njoo Ijumaa. Ijumaa unafika, unamkuta ameinamia nguo ya mtu mwingine kabisa, naye bila kupepesa macho anakwambia, "Ya kwako imeisha, bado vifungo tu." Wakati huo kitambaa chako kimelala kwenye mfuko ule ule uliokuja nao, hakijaonja mkasi. Wewe unajua, na yeye anajua kwamba unajua. Hata hivyo unaondoka umeridhika nusu, maana vifungo ni jambo dogo, na aliyebakiza vifungo ni vigumu kumgombeza.

Kijana wa habari hii alijifunza kushona kwa fundi mmoja wa suti, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na uongo ule alijifunza hapo hapo, pamoja na kutia uzi sindanoni. Simlaumu kwa hilo. Kila fundi anao. Kosa lake, ambalo asiye fundi asingeweza kulifanya, ni kwamba alikuja kumwambia mtu asiye mteja. Alimwambia baba yake mzazi, na baba yake, ambaye mambo ya cherehani hakuyajua hata kidogo, akaamini.

Kazini walimwita Pindo. Alifanya kazi nyuma ya duka la dobi, la mashine kubwa na mvuke, ambako watu wenye haraka huleta nguo asubuhi na kuzichukua jioni. Mbele kulikuwa na kaunta na kengele. Nyuma kulikuwa na reli ndefu ya nguo zilizovikwa nailoni, meza ya mpiga pasi, na kwenye kona, chini ya feni, cherehani ya Pindo. Suruali ndefu aliifupisha. Kiuno kilichobana alikitanua, kilicholegea alikibana. Zipu ikifa aliizika na kuweka nyingine. Mwenye duka, mama mmoja mwenye huruma nyingi na sauti ya kuita kuku, alimpenda mno, maana Pindo hakuchelewa, hakujibizana na wateja, na hakuomba chochote. Siku moja alimletea kiti chenye mto na mgongo wa kuegemea. Tangu siku ile, kwa kweli, kijana hakuwa na pa kwenda.

Alikuwa amekuja kwa muda tu. Fundi wake mzee alipofunga duka, watu wakiwa wamehamia kwenye suti zinazoning'inia tayari madukani, Pindo alisema atashika pindo za watu miezi michache, ajipange, kisha atafute chumba chenye dirisha la kioo upande wa barabara aanze suti zake mwenyewe. Hata chumba alikuwa amekiona. Lilikuwa duka la viatu lililofungwa, njiani kwenda kwake, lenye kaunta ndefu ambayo ingefaa kabisa kuwa meza ya kukatia. Kila jioni alipopita alichungulia ndani. Miezi ikawa miaka. Vumbi la kaunta ile aliliona likinenepa, naye akaendelea kuchungulia, mpaka kuchungulia kwenyewe kukawa kama kazi aliyoifanya akaimaliza kila siku.

Si kwamba hakuipenda suti. Ikiletwa nzuri kwa ajili ya kufupishwa suruali tu, koti lake alilifumua bitana kidogo, akatazama jinsi fundi asiyemjua alivyokilaza kitambaa kigumu cha kifua, jinsi alivyoizungusha kola ikakubali. Mpiga pasi alimkuta mara nyingi ameingiza mkono ndani ya koti la mtu hadi kwenye kiwiko.

"Unatafuta nini humo, ndugu yangu? Hela?"

"Naangalia tu."

"Utaangalia mpaka ndevu ziote mvi."

Pindo alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na kicheko kilimsaidia kukwepa mengi.

Nitasema wazi kilichokuwa kinamsumbua, maana yeye mwenyewe hakuwahi kukisema. Aliogopa mkasi. Kushona ukikosea unafumua, unaanza upya, hakuna atakayejua. Kitambaa ukishakikata, kimekatwa. Bila kujiambia, Pindo alikuwa amechagua kazi ambayo kila kosa lake linafutika, akakaa humo kama mtu aliyekaa kwenye maji ya uvuguvugu, hataki kutoka kwa kuwa nje kuna baridi.

Jioni alirudi chumbani kwake, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Kulikuwa na kitanda, jiko dogo, na dirisha linalotazama ukuta. Cherehani yake mwenyewe, aliyopewa na fundi mzee siku ya kufunga duka, ilikuwa imegeuka meza. Juu yake ilikaa chupa ya chai, vikombe, chaja ya simu, na sahani iliyosubiri kuoshwa. Majirani aliwajua kwa sauti. Wa kushoto alikohoa, wa kulia alikuwa na redio, wa juu aliburuta kiti kila alipokula. Wakikutana kwenye ngazi ilikuwa "Habari?" "Nzuri," basi. Kuna Jumapili alizopokea simu akagundua sauti imekwaruza, kumbe hajatamka neno tangu alipofunga kazi Jumamosi. Rafiki zake wa zamani walikuwa wameoa, wamehama, wamebaki watu wa kupongezana siku za kuzaliwa. Alikuwa mpweke, na alikuwa ameuzoea upweke huo kiasi cha kuuita utulivu.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku kitambaa cha sufu, buluu iliyokolea karibu na weusi, cha kutosha suti ya mtu mkubwa. Alikinunua baba yake. Mzee huyo alikuwa mfungua mlango wa hoteli katika mji aliokulia Pindo, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Hoteli ilimpa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu ya kupaka. Alilivaa asubuhi, jioni akaliacha kwenye kabati lao. Akiwa ndani ya koti hilo aliwafungulia mlango watu waliovaa suti, akawapokea makoti yao, akawaitia magari. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na suti. Pindo alipomaliza kujifunza, baba alimpeleka dukani, akachagua kitambaa kwa kukisugua na kidole gumba kama anayeonja unga, akamwambia, "Suti yako ya kwanza kabisa iwe yangu. Usije ukawashonea watu kabla yangu." Siku hiyo hiyo Pindo alimpima. Mzee alikuwa pande la mtu. Alivuta pumzi, akatanua kifua, na futi ya fundi ikakaribia kuisha. Vipimo vile Pindo hakuviandika popote. Alivishika kichwani kama mtu anavyoshika namba ya simu ya nyumbani.

Kila Jumapili jioni simu ililia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Kazi?"

"Inakwenda."

"Na suti yangu imefika wapi?"

Mara ya kwanza kabisa alijibu kwa mzaha. "Imeisha, baba, bado vifungo tu." Alidhani mzee atacheka. Mzee hakucheka, alifurahi. "Ahaa! Basi karibu," alisema, na sauti yake ilichangamka hata Pindo akashindwa kuyarudisha maneno. Jumapili iliyofuata aliulizwa tena, akajibu vilevile kwa kuwa jibu lilikuwa tayari mdomoni. Kisha ikawa mazoea yao. Mara nyingine alitia chumvi: muuzaji wa vifungo amesafiri, vya kufanana na rangi ile ni adimu, vilivyoletwa vina kasoro. Mzee alisikiliza yote. "Wala usijali," alimwambia. "Mimi nipo, nasubiri." Ukiwaondoa wenye suruali zao, hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemsubiri Pindo kwa lolote, na labda ndiyo maana hakuwa na haraka ya kumaliza kusubiriwa huko.

Basi katikati ya wiki moja dada yake alimpigia simu kazini. Dada huyo, mkubwa wake, ndiye aliyekaa na mzee tangu mama yao alipofariki, na hakuwa na tabia ya kupiga simu ovyo.

"Kaka, kama umesimama kaa chini. Baba amestaafu."

"Wamemstaafisha?"

"Ameomba mwenyewe. Mwisho wa mwezi ujao wanamuaga pale hotelini, chakula na hotuba. Unajua alichowaambia? Kwamba siku hiyo haingii kwa mlango wa jikoni. Ataingia mlango wa mbele, afunguliwe yeye, na atakuwa amevaa suti aliyoshonewa na mwanawe. Mtaa mzima unajua. Na anakuja kuichukua mwenyewe, hataki ipakiwe kwenye basi kama gunia."

Pindo alikaa kwenye kiti chake chenye mto.

"Upo?" dada aliuliza.

"Nipo."

"Hivi hivyo vifungo ni vya namna gani, havina mwisho? Halafu kuna jambo nilitaka kukuambia. Baba siku hizi..."

"Dada, nimepata mteja," Pindo alisema, na hapakuwa na mteja, akakata simu. Aliona maswali yanakuja akakimbia. Laiti angevumilia sentensi moja zaidi.

Wiki ile ile mwenye duka alimwita kaunta. Alikuwa anafungua tawi jipya upande wa pili wa mji, na alimtaka Pindo akasimamie kazi zote za kurekebisha nguo huko, na mafundi chini yake, kiyoyozi, kiti cha kuzunguka. Pindo alisikia raha ikimshuka mgongoni. Alijiona kwenye kiti kile akizunguka. Halafu, kwa bahati mbaya au nzuri, akajiona amezeeka kwenye kiti kile kile, na watu wanamuaga kwa hotuba inayosema kwamba hajawahi kuchelewa.

"Mama, naomba unisamehe," alisema. "Huko sitaweza kwenda. Na hapa naomba niwe nakuja asubuhi tu."

Mama alimtazama kama aliyemwagiwa maji. "Nimekukosea nini? Mimi najua umeridhika hapa."

"Nimeridhika, mama. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Hakumwelewa. Alinuna mpaka jioni, lakini nusu siku alimpa. Mpiga pasi alipomwona Pindo anakusanya vitu vyake mchana kweupe, aliacha pasi ikitoa mvuke peke yake. "Leo jua limechomoza upande gani?" aliuliza. Pindo alimpungia mkono, akaenda zake.

Kukata shauri kulikuwa rahisi. Kukata kitambaa ndiko kulikobaki. Jumapili asubuhi alikisimamisha kitanda ukutani, akapiga deki, sakafu ikakauka, akatandika shuka safi na juu yake sufu. Kitambaa kilikuwa kimelalia mkunjo mmoja muda mrefu hata mkunjo wenyewe ukapauka, ukaacha mstari mwembamba ambao pasi haikuweza kuuondoa. Pindo aliutazama akaona aibu. Ilimbidi apange vipande vyote upya kuukwepa, na mahali pamoja, chini ya kwapa la kushoto, alishindwa. Akaamua ubaki huko pasipoonekana. Akachora kwa chaki, vipimo vikitoka kichwani bila kusita: kifua, mabega, mgongo, urefu wa mkono. Ilimpitia akilini kwamba baba huenda amebadilika, wazee hubadilika. Kumpigia dada ampime mzee lilikuwa jambo dogo tu. Lakini dada angempima mzee kwa sababu gani, kama suti imeisha, bado vifungo? Akaliacha wazo hilo lipite.

Alishika mkasi, akauweka. Akaenda kunywa maji. Alirudi akaushika tena, na jirani wa redio alikuwa amezima redio yake, kukawa kimya hata Pindo akasikia pumzi zake mwenyewe. Alitamani kuwe na mtu yeyote mle chumbani, hata wa kumwambia, "Kata bwana, unaogopa nini?" Hapakuwa na mtu. Akapiga moyo konde, akakata. Mkasi ule kwenye sufu nzito ulikwaruza polepole, na alipofika mwisho wa mgongo aligundua kwamba analia. Hakuwa analilia kitambaa. Alikuwa anaililia ile miaka.

Kuanzia hapo vikombe na chupa ya chai vilihamia sakafuni, na cherehani ikawa cherehani tena. Kila mchana alishona. Kola aliikosea akaifumua, akaikosea tena. Mkono wa kulia ulikataa kukaa, ukawa unavuta mbele kama unaomba kitu, akautoa na kuurudisha mpaka ukatulia. Mambo mengi aliyodhani anayajua, kumbe alikuwa ameyaangalia tu. Hakupiga soga na mtu, hakwenda popote, na jioni mgongo ulimuuma hata akalala na nguo. Lakini upweke huu haukuwa ule wa zamani. Huu ulikuwa na kazi ndani yake. Jumapili simu ililia, baba akauliza, na Pindo akajibu, "Bado vifungo tu," akiwa amepakata koti lisilo na mikono. Alikuwa anaukimbilia ukweli mbio, akiomba aufikie kabla ya mzee.

Siku ya siku alifika kituo cha mabasi mapema. Basi lilipoingia alisimama karibu na mlango wake, akitazama juu ya vichwa vya abiria. Ndivyo alivyozoea kumtafuta baba tangu utotoni, kwa kuwa baba siku zote alionekana kabla ya wenzake. Abiria wakashuka, wakachukua mizigo, wakatawanyika. Pindo hakumwona baba. Alikuwa anatafuta simu mfukoni mtu alipomgusa kiwiko.

"Unanitafutia wapi, mwanangu? Mimi huyu hapa."

Alikuwa mzee mwembamba aliyeshika mfuko mdogo kwa mikono miwili. Shingo ilikuwa inaogelea ndani ya kola ya shati. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yale yale. Pindo alitoa shikamoo, akaupokea mfuko, na papo hapo jicho lake la fundi likampima bila kuombwa. Kifua hakikuwa kile, mabega hayakuwa yale, hata urefu ulikuwa umepungua.

"Niliumwa kidogo," baba alisema wakitembea. "Dada yako alitaka kukuambia, nikawa namkataza. Una kazi nyingi wewe."

Chumbani mzee alikaa kitandani, akatazama cherehani, pasi, nyuzi sakafuni, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe ndipo unaposhonea," alisema. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kikaratasi kilichokunjwa vizuri, akakifungua kwenye kiganja. Vilikuwa vifungo. Vyeusi, vyenye mshipa mwembamba wa buluu ndani, vikubwa vya mbele na vidogo vya mikononi.

"Nilijua kinachokusumbua ni vifungo," alisema. "Nikaanza kuvitafuta na mimi. Nikipata nafasi nazunguka madukani, nashika hiki, naacha hiki. Wiki nyingine moyo unataka vyeusi, wiki nyingine unataka kahawia. Mwisho nikaridhika na hivi. Vitafaa?"

Pindo alivitazama mpaka vikamchanganyikia machoni. "Vitafaa, baba."

"Basi niletee suti nijaribu."

Akamvika. Koti lilimshuka mzee kama lililotundikwa kwenye msumari. Mikono ilimeza vidole, suruali ikamkusanyikia miguuni. Mzee alisogea dirishani kujitazama kwenye kioo, akanyanyua bega moja, akanyanyua la pili, la kwanza likaanguka. Akavuta pumzi kama siku ile ya kupimwa, na kifua hakikujaa.

"Pole, mwanangu," alisema.

"Pole ya nini, baba?"

"Wewe ulinipima sawasawa, nakumbuka. Ni mimi nimepungua, suti ikinisubiri hapa. Kazi nzuri namna hii nimekuharibia."

Ona mambo yalivyojipanga. Koti lile lililomkataa mzee ndilo lililosimama kuwa shahidi wa kijana. Yeyote angeapa kwamba lilishonwa zamani, mzee akiwa bado pande la mtu, likakaa miaka yote likingoja vifungo. Pindo hakutakiwa kusema neno. Alitakiwa anyamaze tu na aipokee ile pole. Na ni kweli alinyamaza, nisimsingizie ushujaa asiokuwa nao. Alimtazama mzee anavyojaribu kuzikunja ncha za mikono zisionekane ndefu, ili mwanawe asijisikie vibaya, na hapo akashindwa.

"Hukuniharibia, baba. Kitambaa nimekikata juzi juzi, dada aliponiambia umestaafu. Kabla ya hapo kilikuwa humu." Aligusa sanduku kwa mguu. "Kwenye mfuko wa dukani. Sikuwahi kukigusa."

"Na vifungo?"

"Hapakuwa na vifungo."

Mzee alivua koti taratibu. Alilikunja kama alivyokunja makoti ya wageni maisha yake yote, bitana nje, mabega ndani, akaliweka kitandani.

"Jumapili zote zile?"

"Zote, baba. Niliogopa kukata."

"Mimi nilikuwa naviona," baba alisema. "Ukiniambia, nilikuwa naviona kabisa."

Alikikunja kikaratasi chake, akakirudisha mfukoni, akatoka. Pindo alisikia hatua zake kwenye korido zikienda mpaka dirisha la ngazi, zikasimama hapo. Hakumfuata. Alikaa sakafuni kando ya cherehani, na Jumapili zake zote za upweke, ukizikusanya pamoja, hazikufikia uzito wa muda ule. Jirani wa kushoto alikohoa. Wa juu aliburuta kiti.

Mzee aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisimama katikati ya chumba, mikono imeachana kidogo na mwili kama wanavyosimama wateja.

"Nipime," alisema.

Pindo alichukua futi. Alianza na mabega, akashuka mgongoni, akaja kifuani. Kumpima mtu kifua ni lazima umzungushie mikono yote miwili, uso wako ulikaribie shati lake, na hapo ndipo kijana alipogundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipomzungushia mtu mikono. Safari hii baba hakuvuta pumzi. Alisimama alivyo, mbavu zake zikihesabika chini ya futi, na Pindo akachelewa kidogo kuisoma namba.

"Itakuwa tayari lini?" baba aliuliza.

Jibu la zamani lilikuja mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Sijui. Mabega inabidi niyafumue yote. Mikono, kola, kila kitu. Huenda nisiwahi siku yako, baba."

"Haya," mzee alisema. "Anza."

Akaanza. Kazini aliomba ruhusa, mama wa dukani akampa huku akilalamika. Kupunguza nguo za watu ndiko alikokujua kuliko lolote, lakini hakuwahi kupunguza koti kwa sababu mwenye koti mwenyewe amepungua, tena baba yake, na mara nyingine ilimbidi ageukie ukuta kwanza. Mzee alikaa kitandani akimtazama, akiokota nyuzi zilizofumuliwa na kuzikusanya kwenye kikombe. Mwanzoni alizungumza kama mgeni. "Ahsante kwa chai." "Naomba kupita." Maneno hayo ya adabu yalimchoma Pindo kuliko kama angegombezwa. Kisha siku moja, koti likiwa limegeuzwa nje ndani, mzee aliuona ule mstari uliopauka chini ya kwapa la kushoto.

"Hapa pana nini?"

"Ndipo kilipokunjwa, baba."

Mzee aliusugua mstari kwa kidole gumba. "Tutajua mimi na wewe tu," alisema, na tangu hapo akaacha kusema ahsante kwa chai.

Asubuhi ya kuondoka kurudi kuagwa hotelini, mzee alikuwa amekwisha kuoga na kunyoa, shati safi mwilini, mfuko wake mdogo mlangoni. Pindo alipiga pasi ya mwisho, akamvika. Koti lilikaa. Halikumfanya kuwa yule pande la mtu wa zamani. Lilimfuata huyu, bega kwa bega, likashuka mgongoni bila kukunjamana. Pindo alizunguka nyuma, akarudi mbele, akatafuta kosa. Aliliona moja dogo kwenye kola, akaliacha. Mbele koti lilikuwa wazi, matundu yake yameshonwa vizuri, hayana cha kushika.

Alifungua mdomo amwambie baba ilipofikia kazi, akasita. Alitafuta maneno mengine, akakosa. Ukweli wa asubuhi hiyo ulikuwa na maneno yale yale.

"Imeisha, baba," alisema. "Bado vifungo tu."

 Mzee akatia mkono kwenye mfuko wa shati, chini ya koti lake jipya, akatoa kikaratasi na kukifungua kwenye kiganja.

"Vifungo ninavyo," alisema.